Mabinti wawili wanatosha, lakini urithi je?
Mwandishi, nakubaliana nawe kwamba wazazi wa mabinti wawili wasisumbuliwe na maneno ya "mtafutieni kaka yao". Ila unaposema wayapuuze tu, hapo sikuungi mkono, kwa sababu maneno hayo yana mizizi kwenye mirathi. Tanzania bado ina Tangazo la Sheria za Mila la 1963, ambalo katika kurithi humweka mtoto wa kwanza wa kiume daraja la kwanza, wavulana wengine la pili, na mabinti la tatu. Shangazi anayeuliza habari za mtoto wa kiume anajua vizuri mashamba huenda wapi baba akifariki. Na ndugu mliotangulia kuchangia mnaosema binti ataolewa na ardhi itoke kwenye ukoo, kwani mtoto wa kiume hauzi shamba? Mwaka 1990 Mahakama Kuu, katika kesi ya Holaria Pastory, ilikubali kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, sawasawa na mwanamume. Wanaoleta hoja ya dini nao wakumbuke kuwa katika mirathi ya Kiislamu mabinti wawili wasio na kaka hupata theluthi mbili, tena ni fungu lililowekwa maalumu. Kwa hiyo mzazi asiishie kuwapenda wanawe na kuwalipia ada. Aandike wosia wenye mashahidi mapema, wangali wadogo, na kiwanja akiweza akiandikishe kwa majina yao.