Matokeo ya Kompyuta Yasipoonekana

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta isipotoa kilichotarajiwa, basi imeharibika, au kazi yote imepotea na hapana budi irudiwe. Dhana hiyo aghalabu si sahihi, tena ina hatari.

Katika kompyuta kuu, kazi nyingi hufanywa kwa mafungu. Mwenye kazi hasemezani na mashine wakati kazi inaendelea. Hutayarisha data zake pamoja na amri zinazoeleza ni programu ipi itumike, data zisomwe wapi, na matokeo yapelekwe wapi. Zamani amri hizo zilitobolewa katika kadi. Siku hizi huandikwa katika skrini. Kazi hungoja zamu katika foleni, kisha hutendwa. Matokeo nayo hayaendi moja kwa moja kwenye mashine ya kuchapa, kwa sababu mashine hiyo ni ya polepole mno ikilinganishwa na kompyuta. Huwekwa kwanza katika diski, nako hungoja foleni ya pili. Mabenki na mashirika makubwa duniani yangali yakitumia utaratibu huu.

Mfano wa kifurushi utasaidia. Kifurushi kinachotumwa kwa reli kutoka Dar es Salaam kwenda Nyakitonto, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, hushushwa stesheni ya Kigoma, kisha hupanda gari la Kasulu, ndipo kifike kijijini. Kisipofika, mtu mwenye busara hatumi kingine siku ile ile. Huuliza kilionekana wapi mara ya mwisho. Huenda hakikupokelewa kabisa. Huenda kimeandikwa anwani ya mahali pengine. Huenda kimo ghalani kikingoja mwenyewe.

Ndivyo ilivyo kwa matokeo ya kompyuta. Swali la kwanza ni hili: je, kazi ilipokelewa? Pili, je, ilitendwa hata mwisho? Kosa dogo katika amri, hata mkato uliosahauliwa, laweza kuifanya kompyuta iikatae kazi kabla ya kuianza. Tatu, je, programu ilikuwa na kitu cha kuandika? Programu iliyopewa faili tupu huweza kumaliza salama bila kutoa hata mstari mmoja. Nne, je, matokeo yamezuiliwa katika foleni, yakingoja ruhusa ya mwendeshaji au karatasi ya aina maalumu? Tano, je, yamepelekwa kwenye mashine nyingine ya kuchapa, au yamekwisha kuchapwa na kufutwa katika diski? Kompyuta kuu huweka kumbukumbu ya kila hatua, na majibu mengi yamo humo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kurudia kazi kabla ya kuuliza maswali hayo ni kosa zito. Ikiwa kazi ni ya kuorodhesha majina tu, hasara ni karatasi na muda. Lakini ikiwa ni ya mishahara, nayo ilikwisha kutendwa ila orodha haikuonekana, kuirudia bila kinga huweza kuwalipa watu mara mbili, au kuwakata makato mara mbili. Kukosekana kwa karatasi si ushahidi kwamba kazi haikufanyika.

Tanzania ina sababu yake ya kulitafakari jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mpango wa kuhamishia hesabu zake katika mashine hizo kuleta matatizo makubwa. Marufuku hayo yameondolewa kitambo, lakini fundisho limebaki. Mashine huweza kununuliwa kwa fedha na kukatazwa kwa tangazo. Watu wanaojua kuihoji hupatikana kwa elimu tu.

Na elimu hiyo haingoji umeme wala kompyuta. Mwalimu wa shule ya sekondari, awe Nyakitonto au Kibondo, aweza kuwapanga wanafunzi wanne: mpokeaji, mtendaji wa hesabu, mtunza foleni na mchapaji, kila mmoja na daftari lake. Hesabu zipitishwe kwa vikaratasi, na mwalimu azuie kimoja kwa siri. Darasa litafute kilipokwama kwa kusoma madaftari tu, bila kubahatisha na bila kumlaumu mtu. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "kilionekana wapi mara ya mwisho?" ataitumia njia hiyo hiyo katika maabara, katika ghala la chama cha ushirika, na katika zahanati. Taifa linahitaji kompyuta. Linahitaji zaidi watu wa namna hiyo.