Uvimbe Umechomwa, Mbona Arudi Tena?



Baada ya darsa ya Alhamisi, mama mmoja alibaki nyuma ya wenziwe. Mumewe alikuwa na saratani ya ini, na miezi mitatu iliyopita madaktari waliuchoma uvimbe wake kwa sindano ya moto. Picha ikaonesha umekufa wote. Sasa mume hataki kurudi hospitali. "Sheikh," akaniambia, "asema aliyeponywa na Mola hapaswi kumtilia shaka Mola wake. Nimjibu nini?"

Nilimwomba muhula nikaulize wajuao. Jibu lake nalileta hapa, kwani nyumba yenye swali hili si moja.

Katika tiba hii, tabibu hupitisha sindano ndefu ngozini hadi ndani ya uvimbe, akiongozwa na mashine ya picha, kisha huupasha joto kali mpaka chembe zake zife. Tumbo halipasuliwi. Lakini uvimbe uliokufa hautolewi. Mwili wenyewe huyaondoa mabaki yake kidogo kidogo.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Kinga ya mwili ina askari wake, nao ni chembe nyeupe za damu. Saratani iliyo hai hujificha kwao, mfano wa mwizi aliyevaa kanzu ya mwenye nyumba. Ikichomwa, mabaki yake huwafichulia askari sura yake halisi. Wataalamu waliopima damu za wagonjwa wamekuta kwamba kwa baadhi yao askari wanaoitambua saratani huongezeka baada ya tiba.

Hata hivyo, mwamko huo aghalabu hautoshi. Mwili huwatia askari wake hatamu, wasije wakaishambulia nyama yake wenyewe, na saratani hujua kuzivuta hatamu hizo. Tena ini lililobaki ni lile lile lililoumizwa miaka mingi na homa ya ini ya aina ya B au C, au na sababu nyingine. Shamba lililoota gugu moja laweza kuota la pili. Ndiyo maana kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa maradhi hurudi ndani ya miaka 5.

Zimejaribiwa dawa za kuwafungua askari hatamu baada ya uvimbe kuchomwa au kukatwa. Mwaka 2023 utafiti wa mataifa mengi ulileta matumaini, lakini wagonjwa walipofuatiliwa kwa muda mrefu zaidi, faida ile ilififia. Basi jihadharini na wauzao mitishamba ya "kuongeza kinga". Baadhi yake huliumiza ini lenyewe.

Ngao iliyopo ni kurudi kupimwa kwa picha na damu, aghalabu kila miezi 3 au 4 mwanzoni. Uvimbe mpya ukionekana ungali mdogo, mara nyingi waweza kuchomwa tena. Ukiachwa ukue, mlango huo hufungwa. Na mwenye virusi vya B aliyeandikiwa vidonge asiviache kwa kuwa ajiona mzima. Vidonge hivyo hupunguza hatari ya saratani kurudi.

Nanyi kina mama, msijisahau. Virusi vya B hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mume akiwa navyo, mke na watoto wapimwe, na asiyeambukizwa wala kuchanjwa apate chanjo.

Ama mume yule, nilimpelekea maneno haya. Nahodha akaguaye jahazi lake kabla ya kila safari hakukosa tawakali. Ameitunza amana ya roho alizozibeba. Mwili nao ni amana, na ndani ya jahazi lako, ndugu yangu, wamo mkeo na wanao.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.