Gobore si mlinzi wa shamba: hela ya fundi ipeleke mpakani

Mpunga ukianza kutoa masuke, swali moja huwa linarudi: "Bwana shamba, nguruwe na viboko wananimaliza. Kuna fundi anaweza kunitengenezea gobore likapiga mbali. Unaonaje?"

Leo najibu kwa maandishi ili tusirudierudie. Jibu langu ni hapana. Simbezi mtu mwenye gobore. Ninachopinga ni kijana wa kilimo biashara kuweka mtaji wake kwenye silaha ya namna hii akidhani amenunua ulinzi wa shamba.

Tuanze na silaha yenyewe. Gobore hujazwa kwa mdomoni: unamimina baruti nyeusi, unatia gololi, unashindilia kwa mdeki (ule ufito wa chuma), halafu unaweka fataki. Ukifyatua umemaliza, unaanza upya. Hata mwenye mkono mwepesi atatumia nusu dakika au zaidi kulijaza tena, na hiyo ni mchana, mikono ikiwa mikavu. Magobore mengi ya kwetu mtutu wake ni laini ndani, hauna mifereji ya kuizungusha risasi, kwa hiyo ukipita hatua hamsini hivi gololi inakwenda inakotaka yenyewe. Ukifunga darubini juu yake, umeboresha macho yako tu. Mtutu ni uleule.

Silaha hii haikubaki Afrika kwa sababu ya ubora. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingizwe sehemu kubwa ya bara letu, lakini zile za zamani zenye mtutu laini ziliruhusiwa. Kwa maneno mengine, tuliachiwa masalia. Sasa mkulima anayepima udongo na kupokea hela kwa simu, kwa nini ulinzi wake ubaki kwenye masalia hayo?

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Kyela ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na mwezi wa Aprili mvua inamwagika hasa, wakati huohuo mpunga unahitaji kulindwa. Baruti nyeusi na unyevu haviivani. Ukikaa dunguni usiku mzima na gobore lililojazwa, alfajiri unaweza kufyatua ukasikia "ta" ya fataki, basi. Kibaya zaidi, wakati mwingine moto huchelewa ndani, na mwenye papara anageuza mtutu aangalie kuna nini. Mtu anapoteza uso hapo.

Sasa tuje kwenye hayo "matengenezo". Nasikia mambo matatu. La kwanza, kubadilisha mtutu kwa bomba la maji. Bomba la maji limetengenezwa kubeba maji. Mengi yana mshono uliochomelewa, na mshono huo ndio unaopasuka, pembeni kabisa ya jicho lako na vidole vyako. La pili, kuongeza baruti ili lipige mbali. Hapo unaongeza teke begani na hatari kwenye mtutu, shabaha haiongezeki. La tatu, kutumia baruti iliyotolewa kwenye risasi za kisasa. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inasukuma kwa nguvu ambayo gobore halikuundwa kuihimili. Linaweza kulipuka mkononi kwa mara ya kwanza tu.

Kama una gobore halali, matengenezo yenye maana ni ya kawaida kabisa. Baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu na kula chuma, kwa hiyo baada ya kulitumia lisafishwe kwa maji ya moto na sabuni, likaushwe, lipakwe mafuta. Kitako kikipata ufa au kifyatulio kikilegea, mpelekee fundi mwenye leseni ya silaha. Yule wa kuchomelea mageti mwachie mageti.

Na sheria je? Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haisemi gobore ni kitu kidogo. Nalo ni silaha, linahitaji kibali, na kutengeneza au kukarabati silaha bila leseni ni kosa. Kupatikana na gobore bila kibali kunaweza kukufikisha kwenye mashtaka ya uhujumu uchumi, na hapo mkopo, pembejeo na msimu mzima vinalala rumande pamoja na wewe. Gobore la marehemu babu nalo lisikudanganye: kibali kilikuwa cha babu, hakirithiwi kama panga. Nenda polisi ukafuate utaratibu kabla hawajakufuata wao. Pia kibali cha kumiliki silaha si kibali cha kuwinda. Uwindaji una leseni yake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Najua mtanijibu: "Mtaalamu, sheria tumeisikia, lakini nguruwe hasomi sheria." Kweli kabisa. Msaada ukichelewa usiku mmoja, robo eka imekwenda, na kifuta jasho kikija si fidia ya mavuno yako. Hasira hiyo naielewa. Lakini hebu piga picha: usiku, mvua, kiboko yuko hatua ishirini, wewe una risasi moja yenye unyevu. Ukimkosa, amekula. Ukimjeruhi, ngozi ile nene imekubakizia mnyama mwenye maumivu kwenye njia ambayo kesho alfajiri mama zetu wanapita kwenda mtoni. Na gololi iliyokosa inaweza kuishia kwenye dungu la jirani.

Hela hiyohiyo ya fundi ingefanya nini? Kwanza, rudi nyuma kutoka kwenye maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa ziachwe. Huko ndiko kiboko anakotokea kwenda kula. Ukilima hadi ukingoni mwa Kiwira, Mbaka au Songwe, umemwandalia meza mlangoni kwake. Pili, chimbeni mtaro au wekeni kizuizi imara upande wa maji. Kiboko ni mzito, si mnyama wa kuruka, hata kizuizi kifupi kinamgeuza. Tatu, fyekeni vichaka vinavyopakana na mashamba, maana nguruwe pori hujificha humo mchana. Nne, lindeni kwa zamu. Mashamba kumi yanayopakana yakiwa na madungu matatu, tochi kali, madebe na filimbi, kila mtu analala usiku mwingi kuliko anaokesha.

Akizidi mnyama, toeni taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya wanyamapori ya wilaya, pigeni picha za uharibifu, andikeni tarehe na ukubwa wa eneo. Bila kumbukumbu, hata kifuta jasho huna pa kukidai.

Mchele wa Kyela una jina mjini, na jina hilo ni mtaji wenu. Kabla hujamlipa fundi wa gobore, kaa na majirani zako wa mpakani, hesabuni gharama ya mtaro mmoja wa pamoja. Mkikubaliana, niiteni nije tupime pa kuanzia kuchimba.