Mashine kuukuu ya nyasi: achaneni na rangi, angalieni fundo

Nimekuwa kimya kidogo, test zimetuandama kama siafu. Leo nina hoja moja tu na lazima niimwage.

Huku rumu kwetu kuna ubishi tangu Jumapili. Baba mdogo wangu kule Hai na wenzake wanne, wote wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wamechanga hela wanunue mashine kuukuu ya kufunga marobota ya nyasi, ile ndogo inayovutwa na trekta. Muuzaji anataka milioni 9. Picha ilipoingia kwenye simu nikawaonyesha washkaji. Mmoja kasema hicho ni chuma chakavu, kipimwe kwa kilo. Mwingine kasema vyuma vya zamani ndivyo vyuma, walipe haraka kabla dalali hajaamka. Mimi nasema wote wawili wanabishana kuhusu umri, na umri wa mashine hii haukuambii chochote.

Kwa wasioijua: inazoa nyasi zilizokauka, pistoni inazishindilia, halafu sindano mbili zinapitisha kamba na kifaa cha juu kinapiga fundo. Robota linatoka. Mengine yote ni cheni, beringi na bati, na fundi yeyote mzuri wa mjini anayaweza. Lakini fundo likigoma, una toroli la bei mbaya linalohamisha nyasi kutoka ardhini kwenda ardhini. Ufundi wenyewe ni wa zamani sana jamani. Mmarekani John Appleby aliutengeneza miaka ya 1870 kwa mashine za kufunga ngano, na mpaka leo mashine mpya kabisa zinapiga fundo kwa mtindo uleule. Ndiyo maana mashine ya miaka 40 inaweza kufanya kazi sawa na ya jana.

(Kuna kitu kinanichekesha hapa. Katani iliyoletwa Tanga mwaka 1893 ilikuja kufunga marobota ya wazungu kwa miongo mingi, mpaka kamba za plastiki zilipoipokonya soko. Sisi wenyewe bado tunabeba nyasi kichwani.)

Sasa ukifika pale, uanze wapi? Watu wanaanza na rangi na matairi. Rangi mpya kwenye mashine ya miaka 40 mimi inanitia wasiwasi tu, unajiuliza imefunika nini. Anza na flaiwili. Pale kuna bolti laini iliyowekwa makusudi ikatike mzigo ukizidi, mfano gogo likiingia na pistoni ikakwama. Ukikuta wameweka bolti ngumu ya kuokoteza, au mbaya zaidi wamechomelea, basi hapo ni kama nyumba iliyowekewa msumari badala ya fyuzi. Kila kishindo kimekwenda kwenye giaboksi na kwenye sindano. Mimi bei ningeikata papo hapo, tena kwa panga.

Halafu sindano zenyewe. Trekta izimwe, shafti ichomolewe, kamba ipitishwe, kisha muinue ule mkono unaoamuru kufunga na mzungushe flaiwili kwa mikono, taratibu, kuelekea upande wake wa kawaida. Sindano zinatakiwa zipande katikati ya nafasi zake kwenye pistoni bila kugusa chuma. Sindano yenye alama ya kuchomelewa inasema kuwa siku moja ilikutana na pistoni. Huenda walirekebisha vizuri, lakini muuzaji aeleze.

Chungulieni pia ndani ya chumba cha kushindilia. Kuta zikiwa laini zinang'aa, mashine ilikuwa kazini juzi juzi. Zikiwa na kutu nzito, kuna mtu aliacha nyasi humo mvua mbili tatu. Vidole vya kuzolea nyasi vilivyokatika wala visiwatishe, hivyo ni vya kuombea punguzo.

Baada ya hapo, shambani. Marobota 30, kwa nyasi kavu halisi, siyo kuwasha tu mashine uwanjani ikanguruma watu wakapiga makofi. Robota la kwanza msilihesabu. Mengine mhesabu mafundo, kamba mbili kila robota. Robota likitoka limepinda kama ndizi, kisu cha pistoni ni butu au nyasi zinaingia upande mmoja, hilo linarekebishika. Fundo likifyatuka upande uleule kila mara, mna shida ya spea, na muulize spea zinapatikana wapi kabla hamjatoa hata mia. Muuzaji akisema "zipo tu Arusha", aseme duka gani.

Washkaji waliniuliza, sasa milioni 9 ni nyingi au kidogo? Wana ekari 12 za nyasi huko tambarare. Tuseme marobota 100 kwa ekari, yaani 1,200 kwa mkato. Ng'ombe wao 20, kila mmoja akila kilo 5 kwa siku 120 za kiangazi, kwa robota la kilo 15 wanahitaji marobota 800. Yanabaki 400 ya kuuza. Mashine ikidumu misimu mitano kwa mkato mmoja mmoja, kila robota linabeba shilingi 1,500 ya bei ya mashine kabla ya kamba na dizeli. Inaingia akilini. Ila ikiangusha robota moja kati ya matano, ni 240 yaliyofumuka kila msimu, na nyasi zilizokauka hazikusubiri umtafute fundi. Mwezi wa tisa ng'ombe haelewi habari za fundo.

Na wangekuwa na ekari mbili tu, ningewaambia hata ya bure waiache. Boksi la mbao, kamba na vijana wawili wanaoshindilia kwa miguu, kazi imekwisha.

Msimamo wangu: ikifunga 28 kati ya 30 na bolti ni ile laini, milioni 7 walipe bila kinyongo. Ikifunga 20, milioni 3 na bado wafikirie. Baba mdogo anakwenda kuiona Jumamosi na fundi wa trekta. Nimemwambia aende na roli lake mwenyewe la kamba, maana muuzaji anaweza kusema "leo kamba imeisha".