Mama, Watoto Nao Wana Siku Zao Katika Likizo Yako

Mwezi huu nimeona tuzungumze juu ya likizo ya mwaka na jinsi tunavyoitumia pamoja na watoto wetu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi hapa Tanzania likizo isiyopungua siku 28 mfululizo, pamoja na sikukuu zinazoangukia humo. Ukizitazama kwenye kalenda ni siku nyingi. Lakini hebu tuone zinavyokwenda. Siku tatu ni za kufua mapazia, kuosha vyombo vya kabatini na kupanga stoo. Siku tano ni za msiba kijijini. Halafu kuna vikao vya harusi, kuna kumpeleka mama mkwe kliniki, kuna wageni waliosikia kwamba uko nyumbani, kuna sare za shule za kushonesha. Siku ya 28 mama anarudi kazini amechoka kuliko alivyotoka, na mtoto wake mdogo anamwuliza, "Mama, kwani likizo yako inaanza lini?"

Sisemi kwamba mambo hayo ni mabaya. Msiba ni msiba, na mama mkwe ni mama. Ninachosema ni kwamba likizo isiyopangwa huliwa na kila apitaye, na wenye nyumba huambulia makombo.

Tufanye hesabu ndogo. Mtoto wako ana miaka 6. Mpaka atimize miaka 18 zimebaki likizo zako 12. Toa zile ambazo utapata yeye akiwa darasani, maana likizo ya mama haiangukii Juni au Desemba kila mara. Toa zile atakazokuwa shule ya bweni. Huenda zikabaki tano au sita tu. Baada ya hapo atakuwa kijana mwenye marafiki zake na mambo yake, nawe utatamani akae nawe sebuleni walau saa moja.

ZITENGENI SIKU MAPEMA

Ushauri wangu ni huu. Wiki mbili kabla ya likizo, keti na baba watoto mkiwa na kalenda, mzungushie duara siku nne. Mbili ziwe za kutoka na watoto, na mbili za kufanya kazi ya mikono pamoja nyumbani. Nyingine 24 wagawane ndugu, jirani na mapazia. Mtu akikuita siku mojawapo kati ya hizo nne, mjibu kwamba siku hiyo una shughuli. Hutakuwa umedanganya.

Kama wewe ni mkulima, chagua siku baada ya mavuno. Kama una genge au cherehani, chagua siku moja ambayo wateja huwa wachache, ufunge. Bwana wetu naye, alipoona wanafunzi wake wamezongwa na umati hata chakula kinawapita, aliwaita kando wapumzike. Habari hiyo iko katika Marko 6:31. Anayehudumia watu wengi ana haja ya kupumzika pamoja na walio wake.

SIKU YA KUTOKA

Wengi hudhani kutoka ni lazima kuwe na fedha nyingi. Ukweli ni kwamba mtoto hukumbuka zaidi safari yenyewe na hadithi aliyosikia njiani.

Walioko Dar es Salaam wanaweza kuwapeleka watoto Makumbusho ya Taifa wakajifunze habari za fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa Olduvai na Mary Leakey mwaka 1959, la tangu miaka kama milioni 1.75 iliyopita. Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, kina nyumba zilizojengwa kwa namna ya makabila mbalimbali ya nchi yetu. Watafute nyumba ya kabila la babu yao, waingie ndani, waone bibi yao alivyolala na alivyopika.

Bagamoyo ni kama kilomita 70 kutoka Dar es Salaam. Wapeleke kwenye magofu ya Kaole, kisha kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Mkiwa hapo wasimulie habari za Chuma na Susi. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, hao na wenzao waliuchukua mwili wake kwa miguu miezi mingi mpaka wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Mtoto aliyekwisha kulalamika kwamba jua ni kali atanyamaza kidogo.

Tangu mwaka 2024 kuna pia treni ya umeme ya kwenda Morogoro na Dodoma. Kwa mtoto ambaye hajawahi kupanda treni, kwenda Morogoro asubuhi, kutazama milima ya Uluguru, kula machungwa na kurudi jioni ni sikukuu kamili. Kateni tiketi mapema.

Nanyi wa mikoani msijione mmeachwa. Iringa kuna Isimila, penye nguzo ndefu za udongo na zana za mawe za watu wa kale. Mwanza kuna makumbusho ya Wasukuma pale Bujora na kisiwa cha Saanane. Tanga kuna mapango ya Amboni. Walioko Songwe wana kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani. Katika vivutio vingi raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo chukueni vitambulisho.

Sasa nina neno kwa akina baba, ambao najua husoma ukurasa huu kwa kuibia. Kama mama ameamka saa 9 usiku kukaanga kuku na maandazi, akabeba mtoto mgongoni na kapu mkononi, kisha jioni akarudi kuosha vyombo, huyo hakutoka. Amehamisha jiko tu. Siku hiyo chakula kiwe chepesi: mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga, ndizi. Kijana wa kiume achemshe mayai usiku wa kuamkia safari, baba abebe maji, na jioni mle kilichobaki.

MANENO MACHACHE YA MUUGUZI

Mkienda ufukweni, kumbukeni kwamba mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Anazama kimya, watu wakiwa karibu wanaongea. Kila nusu saa mteueni mtu mzima mmoja, kwa jina, ambaye kazi yake ni kuwatazama watoto tu, simu yake ikiwa mfukoni. Zamu yake ikiisha amkabidhi mwingine. Mtoto asiyejua kuogelea asiwe mbali na mkono wako unapofika. Aidha, jihadharini na maji yanapojaa, msije mkakuta njia ya kurudi imefunikwa.

Chakula kilichopikwa chenye nyama, maziwa au wali kisikae kwenye joto zaidi ya saa mbili kabla ya kuliwa. Bebeni maji safi ya kunywa na kipande cha sabuni. Mtoto akianza kuharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Mkikosa pakiti, chukueni lita 1 ya maji safi, mtie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Pimeni kwa uangalifu, maana chumvi ikizidi ni hatari. Mpeni kidogo kidogo huku akiendelea kula au kunyonya. Akishindwa kunywa, akilegea, macho yakidumbukia, au mkiona damu kwenye choo, mpelekeni kituo cha afya bila kusubiri kesho.

KAZI YA MIKONO NYUMBANI

Siku mbili za nyumbani nazo zinahitaji mpango, la sivyo televisheni itazipanga. Chagueni kitu ambacho kila mtu ana sehemu yake, na kitakachobaki kikionekana baada ya likizo kwisha.

Cha kwanza ni bustani ya gunia, inayofaa hata kwa wanaopanga chumba chenye uani mdogo. Tafuteni gunia imara, mawe madogo, udongo na samadi iliyooza. Changanyeni madebe mawili ya udongo kwa debe moja la samadi. Chukueni kopo kubwa lililotobolewa juu na chini, mlisimamishe katikati ya gunia na kulijaza mawe. Jazeni udongo kulizunguka, kisha mlivute kopo juu, mjaze mawe tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Ule mnara wa mawe katikati ndio njia ya maji ya kufika chini. Toboeni matundu ubavuni, mpande miche ya sukuma wiki, na juu mpande mchicha. Liwekeni mahali penye jua la kutosha.

Mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Kila mtoto apewe upande wake wa gunia. Mtoto anayekataa mboga mezani ni nadra kukataa ile aliyoimwagilia mwenyewe. Nasi wauguzi tunafurahi, kwa kuwa mboga za majani ya kijani zina madini ya chuma na vitamini A.

Cha pili ni kapu la kuivishia chakula. Chukueni kapu kubwa la ukindu, mlijaze vitambaa vikuukuu, mabaki ya nguo kutoka kwa fundi, au blanketi lililochakaa, mkiacha shimo la kuingia sufuria. Shoneni mto mnene wa kufunikia juu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yachemsheni kwa nguvu nusu saa, kisha mtie sufuria kapuni ikiwa bado inatokota na imefunikwa vizuri. Funikeni, msifungue kwa saa tatu au nne. Joto lisilotoka huendelea kuivisha, na mkaa mmeuokoa. Kabla ya kupakua, rudisheni sufuria motoni ichemke tena. Binti anashona mto, kijana anajaza vitambaa, baba anakwenda kuchagua kapu sokoni, nawe mama unakaa kivulini ukitoa maagizo.

DAFTARI LA UKOO

Kazi ya tatu haihitaji hata senti. Nunueni daftari moja gumu, au tumieni lililobaki la shule, na mwapeni watoto kazi ya kuwahoji babu na bibi. Walizaliwa wapi? Shule ilikuwa mbali kiasi gani? Walioanaje? Jina la ukoo lina maana gani? Kama wazee wako mbali, pigeni simu, na mtoto aandike huku babu akizungumza. Upande mmoja bandikeni picha, upande mwingine andikeni maneno.

Nawaombeni mtenge ukurasa mmoja wa magonjwa ya ukoo. Ulizeni kwa upole nani alikuwa na kisukari, nani shinikizo la damu, nani alipata kiharusi, nani alizaa mtoto mwenye selimundu, nani aliugua saratani na akiwa na umri gani. Daktari huuliza maswali hayo kila siku, na mgonjwa hujibu, "Sijui, wazee walikwisha fariki." Ukurasa huo unaweza kumfanya binti yako akapime mapema, kabla ya ugonjwa kumkuta.

Na kuna faida nyingine. Mzee akiulizwa habari zake na mjukuu, uso wake hubadilika. Wapo wazee wetu wengi wanaotumiwa fedha kila mwezi lakini hawaulizwi lolote.

USINGOJE ZIWE KAMILI

Mama mpenzi, siku hizo nne hazitakuwa kamilifu. Mvua itanyesha siku ya Bagamoyo. Watoto watagombania upande wa gunia wenye jua. Mmoja atatapika kwenye basi. Usikasirike ukasema bora tungebaki nyumbani. Hayo ndiyo watakayosimuliana kwa kicheko wakiwa watu wazima, kila mmoja na nyumba yake.

Basi, kama barua yako ya likizo imekwisha sainiwa, ichukue kalenda leo jioni baada ya chakula. Mwite baba watoto, waite na watoto wenyewe wachague siku. Mkabidhi mdogo kabisa kalamu nyekundu, azungushe yeye maduara. Ukiwa na hamu ya kuahirisha baadaye, alama zile zitakukumbusha ni za nani.

Nawatakieni likizo njema. Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.