Theluji ya Pamba

Adhuhuri moja, katika ufuo wa Dunga karibu na mji wa Kisumu, niliona jambo ambalo halijaniacha tangu siku ile. Gari kongwe, Peugeot 404, lilikuwa limeegeshwa kando ya mafunjo. Chini ya magurudumu yake palitandazwa pamba, na juu ya boneti palinyunyizwa unga mweupe. Kijana na mchumba wake walisimama mbele ya gari, wamevaa makoti mazito na skafu za sufu, huku jasho likiwatiririka kama wapagazi. Mpiga picha aliwaamuru watetemeke. Mama mmoja aliyekuwa akianika omena aliwatazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Wanangu, unga huo mnaupika kwa jua?" Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, lakini nilipokwenda zangu niliona kuwa swali lile lilistahili jibu kuliko kicheko.

Sisemi kuwa picha isipangwe. Asemaye hivyo hajui picha ni nini. Kila anayekaa mbele ya kamera hujipanga: huchana nywele, hunyosha shingo, huazima saa ya mkononi. Seydou Keïta, mpiga picha wa mji wa Bamako nchini Mali, alifungua studio yake mwaka 1948, na katika miaka ya 1950 aliwapiga watu picha pamoja na gari lake mwenyewe, Peugeot 203. Si kila aliyeegemea gari lile alikuwa na gari. Hata hivyo picha zile si za uongo. Nyuso ni za wenyewe, nuru ni ya Bamako, na tumaini lililo machoni ni la watu wa mji ule katika zama zile. Picha ilipangwa, lakini haikumhamisha mtu kwao. Leo picha hizo hutundikwa katika majumba makubwa ya sanaa ulimwenguni.

Ninachokipinga ni kupanga picha kwa kuona haya mahali ulipo. Wapinzani wangu watasema kuwa sanaa ni huru, na kwamba mtu akitaka theluji apewe theluji. Watanikumbusha wapiga picha wa kivuko cha Likoni huko Mombasa, ambao katika miaka ya 1990 walisimamisha mapazia yaliyochorwa mandhari za mbali. Nakubali kuwa walifanya vyema. Lakini pazia lililochorwa halifichi kuwa ni pazia. Ni mchezo ambao mpigwa picha na mtazamaji hushiriki pamoja, wakijua kuwa ni mchezo. Pamba ya Dunga haitaki kuchezwa nayo; inataka kusadikiwa, nayo haisadikiki.

Sababu yake si ngumu. Theluji si weupe peke yake, bali huja pamoja na nuru yake. Mjini London, katikati ya Desemba, jua la adhuhuri huwa nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho. Vivuli ni virefu mchana kutwa, nayo theluji huirudisha nuru juu, ikajaza mashimo ya macho na kulainisha uso. Kisumu iko karibu mno na Ikweta, hata jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 66 siku yoyote ya mwaka. Kivuli cha gari hujikunyata chini ya gari. Kivuli cha paji la uso huangukia macho. Basi hata pamba ikitandazwa ekari nzima, kivuli kitatoa ushahidi dhidi yake. Na mpiga picha akifaulu kuudanganya ulimwengu, atakuwa amepata nini? Atakuwa ametoa nakala hafifu ya picha ambayo mtu wa kaskazini huipata bure mlangoni pake.

Linalonihuzunisha zaidi ni kile kilichofunikwa na pamba. Gari lile halikuhitaji kuazimiwa sifa. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, na mwaka 1968 yakaondoka 93. Kila mara yaliyomaliza yalikuwa 7 tu. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, si mbali na Kisumu, akiendesha Volvo. Magari yale yalishindana na mvua na tope, wala hayakuona theluji. Tope ndilo majira yetu magumu, nalo lina heshima yake. Mpiga picha wa Dunga aliliosha gari hata likang'aa, akaondoa historia, kisha akaweka unga.

Na je, nuru imetupungukia? Jua la Kisumu huzama upande wa ziwa, nalo huzama upesi, likimpa mpiga picha dakika chache za dhahabu. Wakati wa masika mawingu meusi hujikusanya alasiri, na boneti ya gari huwa kioo cha mbingu. Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa omena hutapakaa majini kama mji mwingine. Hata baridi tunayo: Kiswahili kina neno kipupwe, wala halina chembe ya theluji ndani yake.

Wasomaji vijana, picha ni ushahidi. Ufuo nao haudumu. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda hata yakameza sehemu za kingo zake, na watu wakahama makazi yao. Gugumaji huja na kuondoka, mitumbwi huoza, magari hushikwa na kutu. Wajukuu wa wachumba wale watakapoishika picha, watauliza, "Hapa ni wapi?" Jibu la kweli litakuwa kwamba si popote. Dunga yenyewe, mama na omena zake, mafunjo na jua lile kali, vyote vilikuwapo siku ile, na vyote vilifichwa kwa makusudi.

Kwa hiyo, siku utakapoazima gari kongwe na kumwita mpiga picha, lipange gari, panga mavazi, panga hata tabasamu. Lakini pamba waachie wauguzi, na unga uache uende jikoni. Simama juu ya udongo wako, ungoje nuru yako. Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa.