Yatima Mwenye Mama

Kila mwaka vijana kutoka Ulaya na Marekani hufunga safari kuja kujitolea katika makao ya watoto humu nchini. Nia yao ni njema. Hata hivyo, neno "yatima" linalowavuta huficha ukweli: wengi wa watoto hao wana mzazi aliye hai, ila ameshindwa na karo na chakula. Mgeni hukaa wiki chache. Mtoto humzoea, kisha huachwa tena. Serikali ilisitisha usajili wa makao mapya mwaka wa 2017, na mkakati wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarejesha watoto katika familia. Basi anayetaka kumfaa mtoto na amwezeshe mama kumlea nyumbani. Mtoto halelewi kwa zamu.